Wadi Ilishuka Juani: Uchambuzi wa Kisa cha Siku Moja ya Machi, Jebel Akhdar

Kazi yangu ni kuwapandisha wageni Jebel Akhdar, bara ya Oman, mwendo wa kama saa mbili kutoka Maskati. Wengi wao ni jamaa wa watu wa hapa wanaokuja kutembea kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo garini tunazungumza Kiswahili na maonyo ya usalama nayatoa kwa Kiswahili. Kisa hiki kilitokea mikononi mwangu. Dereva nilikuwa mimi, na maamuzi makubwa ya siku ile yalikuwa yangu.

Majina, mwaka na jina la wadi (bonde la mkondo wa maji ambalo siku nyingi huwa kavu) nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyabadili. Saa sikuzigusa. Nilizipata kwenye simu zetu, maana kila picha, kila ujumbe na kila simu iliyopigwa ina saa yake. Familia imeridhia niandike.

## Mlima na majira yake

Jebel Akhdar uko katikati ya safu ya Hajar, milima inayokwenda sambamba na pwani ya kaskazini ya Oman. Jebel Shams, kilele kirefu kuliko vyote katika safu hiyo, kinafika kama mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa Saiq, wenye vijiji na mashamba ya ngazi, uko kama mita 2,000. Barabara ya kupanda inaanzia Birkat al-Mawz, kama mita 600, na hapo pana kizuizi cha polisi: gari lisilo la fowili, yaani lisilosukumwa na magurudumu yote manne, halipandi. Sharti hilo lina haki yake, kwa sababu mteremko wa kurudi ni mkali na breki za gari dogo huungua.

Mlima wenyewe ni jiwe la chokaa, tupu, lenye udongo haba wa kunywa maji. Saiq hupata kama milimita 300 za mvua kwa mwaka. Maskati hupata kama 100, na Unguja zaidi ya 1,500. Mgeni wa visiwani akisikia hesabu hizo husema hili ni jangwa, mvua ya nini kuiogopa. Lakini milimita hizo hazina masika wala vuli. Sehemu kubwa yake huweza kuanguka katika siku chache tu, saa moja leo, saa mbili wiki ijayo, kisha miezi ya ukame.

Mwisho wa Machi ni majira ya kuchipua. Milozi imeshatoa maua, mawaridi yanaanza kufunguka kwenye ngazi, na wakulima huyachuma alfajiri kwa ajili ya marashi. Ndiyo wakati wageni wanapotaka kupanda, na ndiyo wakati anga la mlima huwa na mambo matatu kwa pamoja. Huko juu bado hupita mawimbi ya hewa baridi yanayotoka upande wa Mediterania, masalio ya majira ya baridi. Chini, jua limeshapata nguvu na jiwe tupu linapata moto tangu asubuhi. Katikati kuna unyevu unaoletwa na upepo kutoka Bahari ya Oman na Bahari ya Uarabuni. Hewa yenye unyevu inapougonga mlima haina pa kwenda isipokuwa juu, na ikifika kwenye ile baridi inaumuka. Mbingu iliyokuwa buluu saa 4 asubuhi inaweza kuwa na wingu la ngurumo saa 7 mchana, tena juu ya mgongo wa mlima tu. Bondeni watu wanaendelea kujikinga jua.

## Waliokuwemo

Bibi, wa miaka 68, alikuja kutoka Unguja na jambo moja moyoni: kuyaona kwa macho yake mawaridi ya Oman ambayo marashi yake ameyatia kwenye mrashi tangu yu mwari. Alifuatana na mdogo wake, ambaye humu namwita Mjomba, mwenye goti bovu. Bintiye, nitakayemwita Mama. Na wajukuu wawili, Binti wa miaka 14 na Mdogo wa miaka 7. Mwenyeji wao ni mtoto wa ami yake Mama, mkaazi wa Maskati, aliyekuja na mkewe.

Jumla yao saba, na mimi wa nane. Gari langu la fowili linachukua saba pamoja na dereva. Mwenyeji alikuja na gari lake dogo, kwa makubaliano kwamba chini ya mlima tutakodi fowili ya pili.

## Tuliambiwa nini kuhusu hali ya hewa

Usiku wa kuamkia safari Mwenyeji alinitumia picha ya simu yake. Utabiri wa Nizwa: jua na kiwingu kidogo, joto nyuzi 32, uwezekano wa mvua asilimia 30. Chini yake akaandika, "Kweupe inshallah."

Asubuhi nilisoma tangazo la idara ya hali ya hewa, kwa Kiarabu, nimesimama jikoni na kikombe cha chai. Lilisema mawingu ya ngurumo yanatarajiwa kujengeka mchana juu ya milima ya Hajar na wilaya za jirani, na kwamba huenda yakaleta mvua za nguvu, mvua ya mawe na upepo mkali unaoshuka kutoka mawinguni. Watu waliombwa wasiingie kwenye wadi.

Nililisoma lote nikalielewa. Matangazo ya namna hiyo huja mara nyingi Machi na Aprili, na siku nyingi za namna hiyo nimepanda na kushuka bila hata tone. Nilichojiambia ni kwamba tukiondoka saa 12 alfajiri, ifikapo saa 6 mchana tutakuwa tumekwisha ona mawaridi na tuko njiani kuteremka.

## Siku yenyewe

Hatukuondoka saa 12. Bibi alikuwa mgeni, mke wa Mwenyeji amekesha akiandaa, na haikuwezekana watu watoke bila mikate ya kumimina na chai ya maziwa. Tuliingia barabarani saa 2:40.

Saa 4:30 tulifika chini ya mlima. Fowili ya pili tuliyoiagiza haikuwepo. Tukasimama kivulini tukijadiliana. Mdogo alikuwa ametapika njiani na sasa amelala fofofo. Mjomba akasema, "Nendeni nyie. Mimi na goti langu hili nitapandia wapi ngazi za mashamba? Niachieni mtoto, nitakaa naye hapa." Sote tuliona ni busara.

Gari dogo tuliliegesha kwenye changarawe, pembeni mwa wadi kavu, chini ya mkunazi mkubwa. Palikuwa na alama za matairi ya magari mengine na majivu ya mtu aliyekuwa amechoma nyama. Upande wa pili wa ukingo kulikuwa na bustani ya mitende, na ndani yake msikiti mdogo. Nilipokuwa nikitoa kapu la chakula kwenye buti niliona kwenye matawi ya mkunazi, usawa wa kifua changu, majani makavu yaliyosokotana pamoja na kipande cha mfuko wa nailoni. Nilidhani ni upepo.

Saa 5:15 tukapita kizuizini, watu sita. Kipimajoto cha gari kilionyesha 33. Saa 6 tulikuwa juu, kipimajoto kikasoma 19, na Mama akacheka kwamba kumbe Uarabuni nako kuna kipupwe. Bibi hakuwa na sweta. Alikuwa na baibui jepesi na kanga begani.

Tuliteremka kwa miguu kwenye ngazi za kijiji. Bibi alikaa kwenye ukingo wa falaj, mfereji wa kumwagilia mashamba, akaangalia mawaridi yale madogo ya rangi ya pinki, akanusa moja bila kulichuma. Tulimwacha akae. Picha ya saa 6:40 inamwonyesha yeye, na nyuma yake, juu ya mgongo wa mlima upande wa kaskazini, kuna wingu jeupe lenye kichwa cha mviringo kama maziwa yanayotaka kufurika sufuriani. Picha niliipiga mimi, na wingu nililiona. Nikahesabu kwamba tuna saa nzima.

Saa 7:20 upepo uligeuka. Ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, mara ukaanza kushuka kutoka mlimani, baridi, na harufu ya vumbi lililoloa. Saa 7:35 jiwe la kwanza liligonga bati la kibanda, kisha yakaja mengi, ukubwa wa mbaazi. Tulikuwa bado ngazini. Kumpandisha Bibi zile ngazi kulichukua dakika kumi, na alipofika juu kanga imemgandama mwilini na meno yanagongana. Kipimajoto garini: 11.

Familia moja ya kijijini ilitufungulia mlango wa majlisi, chumba chao cha wageni. Walimvua Bibi baibui, wakamfunga blanketi la sufi, wakampa kahawa. Nje, maji yalikuwa yakishuka ngazi kwa ngazi kama maporomoko. Mwenyeji alitaka tuteremke mara moja. Nikakataa, na kukataa kule sikujutii: barabara ina miteremko mirefu, mawe hudondoka kutoka kwenye kuta zake wakati wa mvua, na sikuwa naona mita ishirini mbele.

Saa 7:55 nilimpigia Mjomba, simu haikwenda. Nikajaribu tena na tena. Saa 8:35 mvua ikiwa imepungua, akapokea. Mazungumzo hayakufika dakika moja, nayaandika kama yalivyokuwa.

"Mjomba, huko vipi? Mvua?"

"Mvua ya wapi? Huku jua linawaka. Mtoto kaamka, anacheza na mawe."

"Alhamdulillahi. Sisi tumekwamishwa na mvua, lakini inakatika. Tulieni hapo hapo, tunakuja."

Nilishusha pumzi. Nikawaambia wenzangu huko chini kukavu.

Saa 8:50 hivi, mzee mmoja aliyekuwa akifungulia maji kwenye bustani ya mitende alipigiwa simu na jamaa yake wa kijiji cha juu. Alitoka mbio akipiga kelele kwa Kiarabu huku akipunga kilemba chake. Watu wa hapa hawasemi mafuriko yanakuja. Wanasema wadi inashuka: *wadi nazil*. Mjomba hakuelewa maneno mengi, lakini mzee aliposema *seli*, yaani mafuriko, neno hilo alilijua tangu alipokuwa akisoma chuoni utotoni. Alimbeba Mdogo mgongoni, goti na yote, wakapanda ukingo wa mawe wakisukumwa na mzee kwa nyuma. Viatu vya mtoto vilibaki, na simu ya Mjomba ilibaki garini inachaji.

Anasema alisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti kama lori linalomwaga kokoto, ila halimalizi kumwaga. Kisha ukaja ukuta mfupi wa rangi ya udongo, umejaa vijiti na povu, haukufika hata gotini. Alifikiri ndio huo basi. Nyuma yake yakaja maji yenyewe. Gari liliinuka upande wa nyuma, likageuka taratibu kama mtu anayetafuta njia, likaondoka. Saa ya msikiti ilikuwa 9:05, na jua lilikuwa likiwaka.

Mimi nilifika chini saa 10:10. Tuliona maji ya rangi ya chai ya maziwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mkunazi ulikuwa umesimama katikati, na gari halikuwepo. Nilipiga simu ya Mjomba ikawa imezimika. Mama alishuka garini akaenda hadi kwenye ukingo wa maji, Mwenyeji akamshika mkono. Nimeendesha gari miaka mingi na sijapata kupita dakika kama zile arubaini. Saa 10:50 askari wa uokoaji walituzungusha kwa njia ya juu hadi kwenye bustani, na tukawakuta msikitini, mtoto amefungwa shuka, anakula tende.

## Matokeo

Hakufa mtu. Goti la Mjomba lilivimba akalazwa siku mbili. Bibi alirudiwa na joto ndani ya saa moja, na daktari aliyemwona kesho yake alisema blanketi na kinywaji cha moto vilifika kwa wakati. Gari lilipatikana siku ya pili, kama mita 400 chini, limelala ubavu na limejaa matope hadi kwenye usukani. Mdogo kwa wiki kadhaa alikuwa akiamka usiku bomba la maji likifunguliwa.

## Uchambuzi

Utabiri haukukosea. Naanzia hapa kwa sababu kauli ya kwanza ya kila tuliyemsimulia ilikuwa "hao watabiri nao." Tangazo la asubuhi lilitaja milima, mchana, mvua ya mawe na wadi, na yote manne yalitokea. Hata utabiri wa Nizwa ulikuwa sahihi, maana Nizwa haikunyesha. Kosa lilikuwa kuuliza hali ya hewa ya mji ulio chini ili kujua itakayotokea mlimani. Programu za simu hukadiria hewa kwa miraba yenye upana wa kilomita kadhaa, na ndani ya mraba huo kilele na bonde husawazishwa kuwa kimo kimoja cha wastani. Mlima mkali kama huu hupotea humo. Tena anayeandika jina la mji hupewa kimo cha mji. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa wastani, na hewa ikiwa kavu hukaribia nyuzi 10. Sisi tulipanda 1,400. Kutoka 33 hadi 19 ilikuwa hesabu ya kawaida kabisa, na ningeifanya usiku ule Bibi angepanda na sweta.

Ile asilimia 30 nayo ilitudanganya kwa sababu tuliisoma kama nguvu ya mvua: thelathini, kwa hiyo mvua ndogo. Haisemi hivyo. Inasema katika siku kumi zenye hali kama hii, tatu hivi mahali hapo patanyesha. Mvua ikija inaweza kuwa rasharasha au gharika, na asilimia haikwambii ni ipi. Na siku tatu katika kumi si chache unapomwacha mtoto kwenye mkondo wa maji.

Tulilisoma anga la mlima kama la kisiwani. Hili ndilo ninalotaka wageni wangu walielewe kuliko yote, kwa sababu hatukulitenda kwa uzembe. Tulilitenda kwa maarifa tuliyolelewa nayo. Mtu wa Unguja anajua mvua. Anaiona inakuja kutoka baharini, anaanua nguo, anaingiza karafuu ndani. Mvua isiyomfikia kichwani haimhusu. Mjomba alipoangalia juu akaona jua, na mimi nilipomuuliza "mvua?" naye akajibu hakuna, sote wawili tulitumia kipimo hicho hicho. Katika mlima wa jangwa mvua huanguka kwa mmoja ikamfuata mwingine kwa miguu.

Fanyeni hesabu hii pamoja nami. Chukua eneo la mlima la kilomita za mraba 50 linalomwaga maji kwenye wadi moja. Mvua ya milimita 20 ikianguka humo, hiyo ni meta za ujazo milioni moja, yaani lita bilioni moja. Huku kwetu pwani mchanga na mizizi vingekunywa sehemu kubwa. Jiwe la chokaa lililo wazi halinywi hivyo. Hata likinywa nusu, nusu iliyobaki inapita kwenye mlango mmoja wa bonde, chini ya mkunazi ule. Maji yakienda mita 3 kwa sekunde huchukua chini kidogo ya saa moja na nusu kufika kilomita 15. Mvua ilianza saa 7:35, gari likaondoka saa 9:05. Wadi ilitupa dakika 90, na nusu saa ya mwisho nilikuwa nimeshampata Mjomba kwenye simu.

Neno "tulieni hapo hapo." Nimelirudia neno hili kichwani mara zisizo idadi. Wakati ule nilikuwa nimetoka kumwona Bibi akitetemeka, akili yangu yote iko kwenye baridi na kulowa, na kutulia mahali pamoja ndilo jambo lililotuokoa huko juu. Nikamtumia mtu wa chini dawa ya mtu wa juu. Nilikuwa mtu pekee katika kundi anayejua kwamba wadi ile inatoka kwenye uwanda niliosimama juu yake, na maji yanayokwenda kwao nilikuwa nikiyatazama kwa macho yangu yakiporomoka ngazi kwa ngazi.

Kuchelewa. Saa mbili na dakika arubaini za kifungua kinywa zilihamisha safari nzima kutoka asubuhi salama hadi mchana wa mawingu. Simlaumu mwenye nyumba, mgeni hatoki na njaa. Lawama ni yangu kwamba saa ziliposogea sikuubadilisha mpango. Kupanda saa 5:15 siku yenye tangazo lile ilikuwa safari nyingine kabisa, na ilistahili uamuzi mwingine. Tungeweza kubaki Birkat al-Mawz, tukaona magofu na mitende na falaj al-Khatmeen, mojawapo ya falaj tano zilizoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, kisha tukapanda alfajiri ya pili.

Alama ya mkunazi. Yale majani yaliyonasa usawa wa kifua hayakuletwa na upepo. Upepo hausokoti majani na nailoni kwa upande mmoja wa tawi, ule unaoelekea juu ya mkondo. Maji ya awali yalikuwa yameandika kimo chake pale, nami nikaegesha gari chini ya maandishi. Sentimita 30 tu za maji yanayokwenda kasi huweza kulisogeza gari dogo, na 60 huyaondoa magari mengi, fowili zikiwemo.

Yaliyofaa. Kutoteremka wakati wa mvua kulikuwa sahihi, na kumkausha Bibi kabla ya kumpa joto kulikuwa sahihi, ingawa hilo walilijua wenyeji wetu si mimi. Kilichookoa roho mbili ni simu ya kijiji kwa kijiji na mzee aliyekubali kukimbia kuelekea wadini wakati wengine wangekimbia kutoka. Hilo halikuwemo katika mpango wangu, na kwa hiyo siwezi kujihesabia.

Nataka pia niseme kwamba kisa hiki kiliishia vizuri kwa dakika kumi na tano tu. Aprili 2024, katika mvua za siku kadhaa zilizozikumba Oman na Falme za Kiarabu, wanafunzi waliokuwa wakisafirishwa kutoka shule Samad al-Shan walichukuliwa na wadi. Wazazi wao waliwaandaa asubuhi kama tunavyowaandaa wetu.

## Tulichobadilisha

Siku yenye tangazo la mawingu ya ngurumo juu ya Hajar, sipandi baada ya saa 3 asubuhi, mgeni awe nani. Nina kasha la masweta na blanketi ambalo halitoki garini hadi Mei. Utabiri nautafuta kwa jina la Saiq, si la Nizwa, kisha nasoma tangazo la idara, na vikipishana nafuata kilicho kikali zaidi. Mchana naangalia pia picha za rada, kwa sababu wingu la kaskazini ya mgongo wa mlima huonekana humo kabla halijachungulia.

Anayebaki chini habaki garini. Anabaki mahali penye jengo, juu ya ukingo, na simu mkononi, na namba ya mtu wa pale. Nikiona mvua juu, ujumbe wangu kwa wa chini ni mmoja, hata kama kwao jua linapasua kichwa: "Toka wadini, panda juu." Na kila mgeni, hata mtoto, anajifunza *wadi nazil* kabla hatujaanza safari.

Mjomba aliporudi Unguja alinitumia ujumbe wa sauti akitaka kujua kama yule mzee ana kilemba kingine, maana kile alichokuwa akikipunga kilikwenda na maji. Bibi akamtumia mzee kofia, na kanga mbili za mke wa mzee. Nilizipeleka mwenyewe mwezi uliofuata, na wakati wa kurudi nikasimama kwenye mkunazi. Majani yale ya zamani bado yapo usawa wa kifua. Juu yake, mahali ambapo ilinibidi ninyooshe mkono kugusa, kuna tabaka jipya la vijiti na matope, na ndani yake kiatu kimoja cha mtoto. Kiatu nilikitoa. Matope nimeyaacha, na kila kundi nalisimamisha hapo kabla ya kizuizi cha polisi, mtu mmoja mmoja anyooshe mkono.